Rangi ya Kweli na Rangi ya Ghushi

Fars ni jimbo la kusini ya Uajemi, na mji wake mkuu ni Shiraz, jina lisilo geni kwetu watu wa pwani. Huko wamo wafugaji wahamahamao, mashuhuri wao Qashqai, ambao mazulia yao yamesifika tangu zamani.

Wanaume huwanyoa kondoo na kuunda kitanda cha kufumia, nacho hulazwa chini. Wanawake husokota nyuzi, huzitia rangi, kisha hufuma fundo kwa fundo bila ya kutazama mchoro. Nakshi imo kifuani. Ndiyo maana huoni mazulia mawili yaliyo sawa. Binti hujifunza kwa mama yake.

Rangi zilitoka katika mimea: nili, mizizi itoayo wekundu, maganda ya komamanga na ya jozi. Mwaka 1856 Mwingereza William Perkin alivumbua rangi ya kemia, na kabla ya karne ya 19 kwisha rangi za namna hiyo zilikwisha enea Uajemi. Zilikuwa rahisi, ziking'aa, lakini nyingi zikipauka kwa jua na kuchuja kwa maji. Mazulia yakatiliwa shaka sokoni, hata serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini.

Mnunuzi haioni ghushi siku ya kununua. Jua ndilo shahidi. Baadaye wako wafumaji wa Fars waliorudia mizizi na maganda, na mwaka 2010 UNESCO iliutia ufundi wa jimbo hilo katika orodha ya turathi za wanadamu.

Basi nasi tujiulize: kazi zetu zikianikwa juani, rangi itabaki?