Kuamkia Jua

Redio ikitangaza salamu za Rais, kila msikilizaji anajua aliyezituma ni Rais. Sasa msomee "salamu za jua", jina linalomjia haraka yeyote anayetaka kutafsiri surya namaskara, mfuatano wa mikao ambao wanafunzi wengi wa yoga hufundishwa mwanzoni kabisa. Atadhani jua limemtumia ujumbe. Haitamjia akilini kwamba ni yeye anayetakiwa kusimama mkekani asubuhi, kuinua mikono, kuinama, kulala kifudifudi na kuinuka tena, na kwamba hiyo ndiyo salamu yake kwa jua.

Maneno yenyewe ya Kisanskriti hayana ugumu. Surya ni jua, na kwa Wahindu ni pia jina la mungu wa jua. Namaskara imeungwa na namas, yaani heshima ya kuinamisha kichwa, na kara, kufanya. Namaste inayosikika katika nyumba za Wahindi wa Dar es Salaam na Nairobi imetoka kwenye shina hilohilo. Mtu anaweza kusema basi tulichukue jina lilivyo, kama tulivyoichukua yoga yenyewe. Hofu yangu ni tahajia. Siku mhariri mwenye bidii atakapoigeuza y iwe i, tutakuwa na suria namaskara kwenye tangazo la mazoezi, na neno suria lina maana yake ya siku nyingi ambayo haihusiani hata kidogo na kunyoosha mgongo.

Watu hupenda kusema zoezi hili lina maelfu ya miaka. Kulitukuza jua India ni jambo la kale kweli. Lakini mfuatano tunaofundishwa leo haumo katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15 kinachotegemewa sana na wana-yoga. Ulienea katika karne ya 20, na mtu aliyeuvumisha kuliko wengine ni Bhawanrao Pant Pratinidhi, raja wa Aundh, dola dogo lililokuwa katika eneo ambalo leo ni jimbo la Maharashtra. Raja huyu aliufanya kila siku, akauingiza katika shule za Aundh kuwa somo la lazima, na mwaka 1938 kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza, kikiuita njia ya afya yenye hatua kumi. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, huko Mysore kusini mwa India, Krishnamacharya alikuwa akifundisha yoga katika kasri la mfalme. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Pattabhi Jois na Iyengar, ambao baadaye walizipeleka mbinu zao Ulaya na Marekani. Ndiyo maana idadi ya hatua haifanani: kumi kwa raja, tisa au kumi na saba kwa Jois, kumi na mbili katika madarasa mengi ya leo.

Raja alikuwa na mwana aliyeitwa Apa Pant. Mwaka 1948, India ikiwa imepata uhuru mwaka mmoja tu nyuma, Waziri Mkuu Nehru alimtuma Nairobi kuwa kamishna wa kwanza wa India katika Afrika Mashariki ya Waingereza. Alikaa hadi 1954. Alikuwa rafiki wa Jomo Kenyatta na Mbiyu Koinange, na urafiki huo, pamoja na huruma yake kwa Waafrika wakati wa Mau Mau, uliwaudhi wakoloni mpaka wakataka aondolewe. Kwetu hukumbukwa, na wachache wanaomkumbuka, kama mwanadiplomasia. Lakini huyu ndiye aliyekulia katika nyumba ambamo jua liliamkiwa kila siku, na mwaka 1970 naye akachapisha kitabu chake kuhusu surya namaskara. Kwa hiyo zoezi hili lilipita Nairobi, ndani ya mtu mmoja walau, kabla madarasa ya yoga hayajawa jambo la kawaida mjini humo.

Lakini tukirudi kwenye jina, tatizo kubwa la tafsiri si sarufi. Ni dini. Mwaka 2015, India ilipoadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa mara ya kwanza tarehe 21 Juni, surya namaskara haikuwekwa kwenye ratiba rasmi. Viongozi wa Kiislamu nchini humo walikuwa wamepinga. Serikali ikasema zoezi hilo ni gumu kwa wanaoanza. Sababu zote mbili nazielewa. Qurani, katika Surat Fussilat, aya ya 37, inakataza waziwazi kulisujudia jua na mwezi. Sasa mfasiri akiandika "kusujudia jua", atakuwa amemfungia mlango Mwislamu wa Tanga au Mombasa kabla hajavua viatu.

Na atakuwa amekosea hata kwa mwili tu. Katika sijda viungo saba hugusa chini: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na vidole vya miguu yote miwili. Katikati ya surya namaskara upo mkao unaoitwa ashtanga namaskara, maana yake heshima ya viungo vinane: miguu miwili, magoti mawili, viganja viwili, kifua na kidevu. Makalio yanabaki juu. Paji la uso haligusi. Mtu anayesali kila siku hatachanganya mikao hii miwili. Anayeweza kuichanganya ni mfasiri.

Mimi nachagua kuamkia jua. Tunamwamkia mzee, tunamwamkia jirani, tunamwamkia hata tusiyempenda, na hakuna anayedhani tumemwabudu. Kitenzi hiki kina kuamka ndani yake, kina asubuhi. Tunasema usiku wa kuamkia Jumapili. Na heshima imo pia, kwa maana anayeamkia kwa kawaida ni mdogo mbele ya mkubwa. Shikamoo yenyewe huelezwa kuwa ni ufupisho wa "nashika miguu yako", na hatua ya tatu ya zoezi ni hiyohiyo: unainama mpaka mikono iifikie miguu, ingawa miguu ni yako mwenyewe. Mhindu anayekusudia ibada ataikusudia. Asiyekusudia atakuwa ameamkia tu. Nikihitaji nomino nasema maamkio ya jua, na hapo nakiri -a unganifu, ile ya "salamu za jua", inarudi na utata wake, lakini kitenzi kikishatangulia haudhuru.

Majina ya mikao nayo yanataka busara. Pozi tumeshaliweka kwa ajili ya kamera, liachwe huko. Mkao linatosha, tena linalingana na asana, ambayo asili yake ni kukaa. Tatizo linaanza kwa adho mukha svanasana, mbwa aliyeelekeza uso chini. Mwite mwanafunzi wako mbwa uone. Afadhali kumwambia afanye kitu: viganja chini, vidole vimetanuka, makalio juu, visigino vikitafuta ardhi. Magoti yakikunjwa si dhambi. Kwa anayeanza, mgongo ulionyooka ni bora kuliko miguu iliyonyooka.

Pumzi ni rahisi kukumbuka kuliko hatua. Mwili ukifunguka unavuta, ukikunjika unatoa. Mikono juu, vuta, kuinama, toa, kifua kikiinuka kama cha nyoka, vuta. Mahali wengi wanapokwama ni hatua ya tisa, kurudisha mguu mbele katikati ya mikono. Mguu unaishia nusu njia, kidole gumba kinakwaruza mkeka, pumzi inakatika. Weka goti la nyuma chini, shika kifundo cha mguu kwa mkono, uuvute mbele. Hakuna anayekukataza, na baada ya muda nyonga zitalegea, mguu uende wenyewe.

Hesabu nayo ina mtego. Hatua zile kumi na mbili humaliza upande mmoja tu, kwa mguu wa kulia mathalani, kisha zote hurudiwa kwa wa kushoto. Kuna walimu wanaohesabu kila upande, na kuna wanaohesabu pande mbili kuwa raundi moja. Kwa hiyo ukiambiwa leo ni raundi sita, uliza kwanza.