Bakteria Anayekaa Kimya kwa Mama

 

Mtoto akizaliwa mzima, kisha kesho yake akalegea na kufariki, watu hutafuta wa kulaumiwa. Wengine husema ni jicho baya. Wengine humsingizia mama kuwa ana ugonjwa wa zinaa. Pengine chanzo ni bakteria anayeitwa streptokoka kundi B. Ukijua historia yake, hutabeba lawama isiyo yako.

Kwanza bakteria huyu alijulikana kwa ng'ombe, kwa sababu huvimbisha kiwele. Jina lake la kisayansi, agalactiae, lina maana ya kukosa maziwa. Mwaka wa 1933, mtafiti Rebecca Lancefield wa New York aliwapanga bakteria wa jamii hii katika makundi ya A, B na kuendelea. Mwaka wa 1935, yeye na mwenzake walieleza kuwa kundi B hupatikana ukeni mwa akina mama wanaojifungua. Mwaka wa 1938, taarifa kutoka Uingereza ilieleza vifo vya akina mama watatu.

Katika miaka ya 1970, hospitali za Marekani ziliona watoto wachanga wengi wakiugua kwa sababu yake. Karibu nusu ya waliougua walikufa. Mwaka wa 1986, madaktari wa Chicago walionyesha kuwa mama akidungwa dawa ya kuua bakteria wakati wa uchungu, mtoto hukingwa. Tangu 2002, Marekani hushauri kila mjamzito apimwe mimba inapokaribia kukomaa. Ugonjwa huu katika wiki ya kwanza umepungua huko kwa zaidi ya asilimia 80.

Je, ni wanawake wa nchi fulani tu? La. Ripoti ya 2017 iliyokusanya tafiti za nchi 85 ilionyesha kuwa wajawazito 18 hivi kati ya 100 wanaye. Asia Mashariki ni 11, visiwa vya Karibi ni 35. Hapa kwetu Pwani, watafiti wa Kilifi walipima akina mama zaidi ya 7,900. Karibu 12 kati ya kila 100 walikuwa naye.

Kwa hivyo, mama, huu si ugonjwa wa zinaa wala uchafu. Bakteria huyu hukaa matumboni na ukeni bila dalili, huja na kuondoka. Watoto wengi wa akina mama walio naye hawaugui. Lakini anayeugua huzidiwa haraka.

Basi jifungulie hospitalini. Mwambie muuguzi mapema ikiwa maji yamevunjika kwa zaidi ya saa 18, una homa, uchungu umeanza kabla ya wiki 37, au mtoto wako wa awali aliugua ugonjwa huu. Usimeze dawa za kununua dukani wiki kadhaa kabla, kwani bakteria hurudi. Dawa inayomkinga mtoto ni ile unayodungwa wakati wa uchungu.

Ukifika nyumbani, mwangalie mtoto. Akikataa kunyonya, akipumua mbiombio, akiguna, akiwa moto au baridi isivyo kawaida, akilegea au akipata degedege, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo.