Gurumo, mwajiriwa wa dansi

Waliowahi kuhudhuria mpambano wa Msondo na Sikinde pale TCC Chang'ombe, Temeke, wanaujua ushabiki wake. Watu walibishana hadi usiku wa manane bendi ipi ni kali. Wachache walikumbuka kwamba Muhidin Maalim Gurumo alitoa jasho kuzijenga zote mbili.

Gurumo alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipoanzisha bendi, naye alikuwamo. Utaratibu ule ulikuwa mpya. Zamani bendi nyingi zilikuwa za klabu za starehe, na wapigaji walikuwa na kazi nyingine mchana. NUTA ilinunua vyombo, na wanamuziki wakalipwa mshahara kila mwezi kama makarani.

Mshahara ulikuwa neema, lakini vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Hata jina lilikuwa lake: chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA, na baadaye OTTU. Mwanamuziki aliyetaka maslahi bora alikuwa na njia moja tu, kuhama.

Gurumo akahama. Mwaka 1978 yeye, Abel Baltazar na wenzao walianzisha Mlimani Park, chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS. Mtindo wao, Sikinde, ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1983 bendi hiyo ikawa ya DDC. Mwaka 1985 Gurumo akachukuliwa na Orchestra Safari Sound ya Hugo Kisima, ukaja mtindo wa Ndekule. Hatimaye alirudi Msondo, bendi yake ya ujana.

Tazama basi: chama, shirika la umma, mfanyabiashara, na tena chama. Waajiri walibadilika, yeye akabaki mwajiriwa. Kila alipoondoka, vyombo vilibaki nyuma. Nyimbo alizorekodi Redio Tanzania nazo zilibaki katika maktaba ya kanda, zikaendelea kutuburudisha. Yeye aliondoka na sauti yake tu.

Mwaka 2013 alistaafu muziki, baada ya karibu miaka 50. Mwaka huohuo kijana Diamond Platnumz alimzawadia gari. Tulishangilia, na kijana yule anastahili pongezi. Lakini zawadi ni hisani, si haki. Mzee aliyelichezesha taifa zima hakupaswa kungoja huruma ya mjukuu.

Gurumo alifariki dunia tarehe 13 Aprili 2014. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999. Sisi wa redio tunapopiga nyimbo zake, tumtaje mtunzi, tuandike jina lake, na mrabaha uwafikie warithi. Hayo ndiyo mazishi ya heshima kwa mwanamuziki.