Nani yuko nyuma ya bima yako?

Ukimuuliza mtu wa Chilangala, kule Newala, bima ni kitu gani, atakutajia gari. Kwa miaka mingi watu wa uwanda wa Makonde walipanda basi la Masasi au la Mtwara, wakaiona stika ya bima kwenye kioo cha mbele, wakaridhika. Lakini gari likipinduka, hela za kuwalipa majeruhi zipo kweli?

Tukumbushane kidogo. Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa 1963. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, likawa mali ya serikali na kukabidhiwa biashara yote ya bima Tanzania Bara. Kampuni binafsi zikafungasha virago. Kwa karibu miaka thelathini mdhamini wa bima yako akawa serikali. Nani angehoji mtaji wake?

Ila dhamana ya serikali haikuizuia shilingi kuporomoka. Mwaka 1970 dola moja ilikuwa kama shilingi 7; kufikia 1996 ilizidi 500. Aliyekata bima ya maisha ujanani, hata akilipwa kila senti iliyoandikwa, hela ile haikununua tena alichokitarajia. Na kwa majirani zetu, Kenya National Assurance, nayo ya serikali, ilifungwa 1996.

Mwaka huohuo Sheria ya Bima Na. 18 ikawafungulia mlango watu binafsi hapa kwetu. Hapo ndipo mtaji ukawa jambo zito. Kampuni ya bima inachukua hela yako leo, inaahidi kukulipa kesho. Mwenye mfuko mwembamba anaweza kushusha bei, akakusanya wateja, kisha ajali mbili kubwa zikammaliza. Ndiyo maana sheria inamtaka aweke fedha zake kwanza kabla ya kupokea za kwako, na mali zake ziendelee kuzidi madeni. Sheria ya 2009 ikaunda mamlaka ya kusimamia hayo, TIRA.

Kenya walijifunza kwa maumivu. United Insurance, iliyokuwa ikikatia bima matatu nyingi, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria 2005. Madai ya majeruhi yakakwama, na wenye magari waliokwishalipia bima wakajikuta wakidaiwa wao. Baadaye kiwango cha chini cha mtaji kwa bima za kawaida kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 za Kenya hadi milioni 300, na mwisho wa kutimiza ukawa 2010.

Ninavyoona mimi, somo ni hili: kiwango kilichoandikwa kwa shilingi kinazeeka pamoja na shilingi. Kikikaa miaka bila kuguswa, sheria ipo lakini ulinzi umeshaondoka.

Kwa hiyo ukikutana na habari ya mitaji ya bima gazetini, usiruke ukurasa ukidhani ni mambo ya matajiri wa Dar. Abiria wa Chilangala hajui jina la kampuni iliyokatia bima basi lake, wala hakuichagua. Anayemchagulia ni sheria. Nyie wenzangu mwasemaje?