Omikroni

Omikroni ni aina ya kirusi cha korona iliyogunduliwa na wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini Novemba 2021. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa aina ya kutia wasiwasi tarehe 26 mwezi huohuo. Ina mabadiliko zaidi ya 30 kwenye protini ya miiba, ambayo kirusi huitumia kujishikiza kwenye seli. Kwa sababu hiyo kinga ya awali haikuitambua vizuri, ndiyo maana iliwapata hata waliokwisha kuugua au kuchanjwa. Kwa wastani haikuua kama Delta, aina iliyoitangulia, lakini kuiita nyepesi ni kosa: mwanzoni mwa 2022 wazee wengi wasiochanjwa walikufa Hong Kong. Nchi za kusini mwa Afrika, zilizotoa taarifa mapema, zilifungiwa safari za ndege, jambo lisilo la haki. Chanjo ya nyongeza ilipunguza sana hatari ya kulazwa na kufa.