Hela

Neno hili tunalolitamka sokoni kila siku lilizaliwa mbali: mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, zilikofuliwa sarafu ndogo zilizoitwa kwa jina la mji, Heller. Huku kwetu lilitua mwaka 1904, serikali ya Wajerumani ilipoacha kuigawa rupia katika pesa 64 na kuigawa katika hela 100. Utawala wao ukaondoka, neno likabaki.

Anayekusanya sarafu za kale aitafute hela 20 ya mwaka 1916. Vita vilikuwa vimefunga bahari, sarafu haziletwi tena kutoka Ulaya, basi zikafuliwa Tabora, katika karakana ya reli. Ishike mkononi: ina taji, mwaka, herufi DOA za Afrika Mashariki ya Wajerumani, na chini yake T ndogo ya Tabora. Chapa yake haikunyooka vizuri, nami naipenda zaidi kwa sababu hiyo. Ni kazi ya mafundi wa reli, si ya kiwanda cha sarafu.

Ukiikuta kwenye kasha la bibi, tafadhali usiisugue kwa ndimu wala majivu. Rangi ile ya kale ikitoka, hairudi, na thamani yake huondoka nayo.