Kasi ya maji katika chujio la naitreti: Matone machache huamua uhai wa samaki

KILA mwaka mvua za masika zinapokoma mkoani Lindi, madimbwi yanayoachwa na mafuriko katika bonde la Mto Mbwemkuru, wilayani Nachingwea na Ruangwa, huanza kupungua hadi kubaki tope lililopasuka. Madimbwi ya msimu ya namna hiyo, katika nyanda za chini za mashariki mwa Tanzania, ndiyo makazi ya samaki wadogo wenye rangi za kuvutia wa jenasi ya Nothobranchius. Samaki wakubwa hufa maji yanapokauka, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope hadi mvua za msimu unaofuata.

Samaki hao wanafahamika kwa wafugaji wa samaki wa mapambo duniani. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri wa Zanzibar, alielezwa kisayansi mwaka 1893 na hadi leo hufugwa katika matangi ya kioo mbali kabisa na Afrika Mashariki.

Katika dimbwi, uchafu wa samaki humezwa na tope na mimea, na kiangazi kikija kila kitu huanza upya. Katika tangi la kioo sebuleni hakuna tope la kutosha wala kiangazi. Kile anachotoa samaki hubaki humo humo, na ni juu ya mfugaji kukiondoa.

Naitreti hutoka wapi?

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wanaoishi katika chujio la kawaida huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Msomaji asichanganye majina haya mawili. Naitraiti huzuia damu ya samaki kubeba oksijeni na huweza kuua kwa muda mfupi. Naitreti haina ukali huo, lakini ikirundikana kwa wiki na miezi hudhoofisha samaki, hudumaza watoto wao na hustawisha mwani.

Bakteria wa hatua hizo mbili huhitaji oksijeni nyingi, na kwao naitreti ndiyo mwisho wa safari. Ili iondoke kabisa, wanahitajika bakteria wa aina nyingine, ambao wakikosa oksijeni ya hewa huinyofoa ile iliyomo ndani ya naitreti yenyewe. Kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda na kupotea hewani. Kazi hiyo ndiyo hufanywa na tope la dimbwi, na ndiyo inayoigwa na chujio la naitreti.

Chujio hilo huwa la aina mbili kuu. Ya kwanza ni mpira mwembamba mrefu uliozungushwa kama chemchemi, ambamo oksijeni huliwa na bakteria wa mwanzoni, na wale wa mbele hubaki na naitreti pekee. Ya pili ni mkebe uliojazwa punje za salfa, ambazo huwa chakula cha bakteria.

Hapa yafaa kuonya. Salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga haifai kwa kazi hii. Unga huziba njia ya maji, na dawa ya shambani huweza kuwa na vitu vingine visivyofaa kwa samaki. Aidha, chujio la salfa hufanya maji yawe na asidi, hivyo maji yanayotoka hupitishwa kwanza katika punje za mawe ya chokaa.

Kupanga kasi

Siri ya chujio hili imo katika kasi ya maji. Yakipita haraka mno, huingia na oksijeni, kazi huishia njiani, na kinachotoka ni naitraiti, yaani sumu kali kuliko ile iliyoingia. Yakipita polepole mno, naitreti huisha kabla maji hayajatoka, na bakteria hugeukia salfeti iliyomo majini. Hapo hutokea gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, ambayo nayo huua samaki.

Kasi ya kuanzia iliyozoeleka ni tone moja kwa sekunde. Kidhibiti cha gurudumu cha mpira wa dripu, mpya na safi, hutosha kuipanga. Hata hivyo, matone hayalingani ukubwa. Ni bora kukinga maji yanayotoka kwa dakika 10 katika bomba la sindano au kikombe chenye vipimo. Ikiwa matone 20 hufanya mililita 1, tone moja kwa sekunde ni mililita 3 kwa dakika, sawa na lita 4.3 kwa siku.

Wiki za kwanza hazihitaji kuguswa koki. Mfugaji apime maji yanayotoka, si yale ya tangi pekee. Mwanzoni naitreti itakuwa sawa na ya tangi. Baadaye naitraiti itajitokeza, dalili kwamba bakteria wameanza kazi lakini hawajatosha. Katika kipindi hiki ni salama zaidi kuyakinga maji hayo katika ndoo na kuyamwaga, na kujaza tangi kwa maji mapya. Kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita naitraiti hutoweka na naitreti hushuka karibu na sifuri.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuridhika na kuiacha kasi ile ile. Tuchukue mfano wa tangi la lita 200 ambalo naitreti yake huongezeka kwa miligramu 1 kwa lita kila siku, yaani miligramu 200 kwa tangi zima. Chujio linalosafisha lita 4.3 kwa siku litazimudu miligramu hizo pale tu tangi litakapofikia takriban miligramu 46 kwa lita. Likisafisha lita 10 kwa siku, tangi litatulia kwenye miligramu 20. Chujio lililokomaa, basi, liongezewe kasi kidogo kidogo, kwa takriban robo kila mara, kisha lipimwe baada ya siku kadhaa. Naitraiti ikionekana, kasi irudishwe ilipokuwa. Harufu ya yai viza ikisikika, maji yasirudishwe kwenye tangi, na kasi iongezwe.

Maji yanayotoka hayana oksijeni, hivyo yadondokee mahali penye mapovu ya hewa. Hali kadhalika, ute wa bakteria huziba mpira na kupunguza matone, kwa hiyo kasi ikaguliwe kila wiki.

Umeme na maji ya mijini

Umeme ukikatika kwa saa nyingi na pampu ikasimama, maji yaliyotuama ndani ya chujio huharibika. Umeme ukirudi, yale ya kwanza yamwagwe, yasiingie kwenye tangi.

Maji ya bomba yana klorini, ambayo huua bakteria hao, kwa hiyo yaachwe usiku mzima katika ndoo iliyo wazi kabla ya kutumika. Wanaotumia maji ya visima katika maeneo ya mijini yenye vyoo vingi vya shimo wapime naitreti ya kisima kwanza. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita. Kisima kilichozidi hapo hakiwezi kusafisha tangi, na kwa usalama wa familia kinahitaji kuangaliwa kabla ya samaki.

Kwa anayefuga samaki wachache wa madimbwini katika tangi la lita 40, kubadilisha lita 10 za maji safi kila wiki hutosha na hugharimu kidogo. Chujio la naitreti lina faida zaidi katika matangi makubwa, yale ya maji ya bahari, na katika nyumba ambamo maji safi ni ya shida.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa chujio hili hata polepole iliyopita kiasi haina baraka. Anayepima maji yanayotoka kabla ya kugusa koki hatapoteza samaki kwa kubahatisha.